Talat Noi kwa miguu: siku nzima kwenye mtaa wa kale wa Bangkok, unakula na kuangalia michoro ya kutani

Watu wetu wengi wakienda Bangkok safari yao ni uwanja wa ndege, hoteli, soko la nguo la Pratunam kufunga mzigo, picha mbili tatu kwenye hekalu la dhahabu, basi, wamerudi. Siwalaumu, mzigo ndo uliolipa nauli. Ila kama umebakiwa na siku moja kabla ya ndege yako nakuomba uipeleke Talat Noi. Ni mtaa mdogo pembeni ya mto Chao Phraya, jina lenyewe maana yake soko dogo, umebanwa kati ya Chinatown na mfereji wa Phadung Krung Kasem, na mtu mwenye haraka anaumaliza kwa dakika ishirini. Mi nimeshaenda mara tatu na bado kuna vichochoro sijaingia.

Kwanza ujue unaenda wapi, maana ukijua hiki kidogo kila kona itakuwa na maana. Mwaka 1782 mfalme Rama I alipohamishia mji mkuu upande wa mashariki wa mto, pale alipotaka kujenga kasri walikuwa wanaishi wafanyabiashara wa Kichina, wakahamishwa kwenda nje ya ukuta wa mji, sehemu inaitwa Sampheng. Sampheng ikajaa, watu wakazidi kusogea kusini kufuata maji, bandari ikawa hapo hapo mlangoni, ndo ikapatikana Talat Noi. Wachina wa kabila la Hokkien wakajenga hekalu lao, wale wa Hakka la kwao, Wareno nao walikuwa wameshapewa kiwanja wakajenga kanisa, wote wanaangalia mto mmoja. Kwaiyo ukiona paa la Kichina lenye madragoni na mnara wa kanisa kwenye picha moja usishangae, ni majirani wa zaidi ya miaka mia mbili.

Siku ya kwenda: yoyote isipokuwa Jumatatu. Jumatatu wauza vyakula wengi wa barabarani Bangkok wanapumzika, ni siku ya kusafisha njia tangu zamani. Mara ya kwanza mi nlienda Jumatatu bila kujua, nimeamka na njaa yangu nimeitunza makusudi, nafika nakuta vibaraza vimemwagiwa maji na mikokoteni imefunikwa maturubai, nikaishia kula mkate wa dukani. Nliumia kweli. Na muda, fika saa moja au saa moja na nusu asubuhi, kwasababu joto la Bangkok sio la mchezo, hasa Machi mpaka Mei, ikifika saa tano vile vichochoro vinakuwa kama tanuri, na wale wauza vya asubuhi wengi wao wanakuwa wameshamaliza sufuria. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Februari.

Unaweza kufika kwa treni ya chini ya ardhi, shuka Hua Lamphong utembee kama robo saa, ila mi nakushauri uje kwa boti. Nenda gati la Sathorn, liko chini ya stesheni ya treni ya juu ya Saphan Taksin, panda boti yenye bendera ya rangi ya chungwa inayoenda kaskazini, ushuke gati la Marine Department, wenyeji wanaliita Krom Chao Tha. Hii ni boti ya watu kwenda kazini, nauli ni baht chache na ni ile ile popote utakaposhukia. Konda utamsikia kabla hujamuona, anatingisha mkebe mrefu wa chuma wenye sarafu na tiketi, kacha kacha kacha, anapita katikati ya abiria na hajawahi kumsahau mtu. Nyuma kabisa anasimama kijana wa kamba na filimbi, nahodha yuko mbele haoni vizuri nyuma, kwaiyo ile filimbi ndo macho yake, fupi fupi sogea, ndefu simama, boti inapiga matairi ya gati, watu wanaruka, filimbi tena, imeondoka. Haingoji mtu. Kituo chako kikikaribia sogea nyuma mapema. Na kuna sehemu imetengwa kwa ajili ya watawa wa Kibudha, wale wenye mashuka ya rangi ya manjano iliyoiva, wapishe, na kama we ni mwanamke usimguse mtawa hata kwa bahati mbaya, kwao ni mwiko.

Hela beba noti ndogo. Za kijani ni baht 20, za bluu 50, nyekundu 100, hizo ndo za mtaani. Noti ya 1000 mpe nani saa moja asubuhi, mama wa uji? Ivunje 7-Eleven kwa kununua maji. Utaona wenyeji wanalipa kwa kuskani kwenye simu, we mgeni usitegemee hiyo.

Ukitoka gatini ingia ndani utafute Soi Wanit 2. Soi ni barabara ndogo au kichochoro, neno utalisoma kila kona. Na kitakachokupokea kabla ya mchoro wowote ni harufu ya grisi. Talat Noi kwa Bangkok ni kama Gerezani ya Dar, yani spea za mtumba, injini zimepangwa mpaka dari, difu, gia boksi, springi, ekseli zimefungwa waya kama kuni, vibaraza vyeusi kwa oili ya miaka. Wathai biashara hii wanaiita sieng kong, na hilo ni jina la hekalu dogo la Kichina la maeneo haya haya, likakaa mpaka leo hata soko la spea la mbali kabisa nalo linaitwa hivyo hivyo. Usipite haraka hapa ukidhani vizuri viko mbele. Mara ya pili nlimkuta mzee mmoja kwenye kigoda, difu iko wazi mbele yake, anachomoa bering moja moja, anaifuta na kitambaa, anaileta karibu na sikio anaizungusha na kidole gumba, kimya, anasikiliza. Ikizunguka laini inaenda kwenye kopo la biskuti kushoto, ikikwaruza inaenda kwenye ndoo ya chuma chakavu. Nlisimama pale kama dakika kumi na hakuniangalia hata mara moja, na nakwambia hakuna mchoro wa siku ile ulioshinda kile.

Nasema hivi kwasababu ndo kosa la wageni wengi, wanakuja na picha waliyoiona kwenye simu, wanatafuta ile picha, wanaipiga tena, wanaondoka. Kuna Fiat 500 ndogo ya zamani imelala ukutani imeoza kwa kutu, rangi kama udongo mwekundu, asubuhi mapema utaikuta peke yake, saa nne ina foleni ya selfi. Iangalie, ni nzuri kweli, alafu endelea. Michoro yenyewe iko mingi kwenye kichochoro kinachoenda hekalu la Rong Kueak na vilivyo jirani yake, na raha yake ni kwamba mingi inaongea na mtaa, simba wa Kichina, wazee na chai zao, mabaki ya vyuma yamegeuzwa sanamu, bomba la mvua limeingizwa kwenye mchoro. Nenda taratibu, angalia juu, angalia nyuma yako, kuna mingine inaonekana ukiwa unarudi tu. Na usije ukakasirika ukikosa ule ulioufuata, unyevu wa mto unabandua plasta, mwenye nyumba anapaka upya, msanii mwingine anachora juu yake. Ukuta wa mwaka juzi sio wa mwaka huu.

Sasa adabu. Hizi kuta ni za nyumba za watu, na milango iko wazi kwa ajili ya joto, ukisimama kupiga picha lenzi yako inaingia mpaka sebuleni kwa mtu anakula. Huku kwetu ungepiga hodi, na huko fanya vile vile kwa namna yao, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, sema sawatdi khrap kama we ni mwanaume au sawatdi kha kama ni mwanamke, onyesha kamera, subiri. Akitikisa mkono kukataa shusha kamera na utabasamu. Mi sijawahi kutukanwa, na mara mbili nimekaribishwa ndani kuonyeshwa picha za babu ukutani, kwa ile sawatdi tu.

Nyumba moja ambayo lazima uingie ni So Heng Tai. Kwa nje ni geti jekundu la mbao limebanwa na maduka ya spea, unaweza kulipita. Ndani ni nyumba ya Kihokkien ya zaidi ya miaka mia mbili, majengo manne yamezunguka ua mmoja, mbao zake za kuchongwa zimekuwa nyeusi kwa umri, na familia ya tajiri aliyeijenga bado inaishi humo humo. Unalipa kitu kidogo au unanunua kinywaji ndo unaingia. Na pale katikati ya ua, pale ambapo ungetegemea miti ya maua, kuna bwawa la kufundishia watu kupiga mbizi, lenye maji na mitungi ya hewa ya wapiga mbizi imesimama pembeni, kwasababu nyumba kubwa namna ile inakula hela ya matengenezo na familia ikatafuta njia ya kuilisha. Kuna watu wanasema bwawa limeharibu. Mi naona ndo limeiokoa, nyumba ngapi za namna hii zimeshakuwa maegesho ya magari. Ghorofani ni kwao, usipande ovyo.

Mahekalu ya Kichina yako mawili ya kuingia, lile la Wahakka la Rong Kueak linaloangalia mto na lile la Wahokkien la Chow Sue Kong la mwaka 1804, ncha za paa lake zimepinda juu kama mkia wa mbayuwayu. Mlangoni kuna kizingiti kirefu cha mbao, kivuke, usikikanyage. Kama umeenda mwisho wa Septemba au Oktoba unaweza kuangukia siku tisa za mfungo wa nyama, mtaa mzima unajaa bendera za njano zenye herufi nyekundu เจ, na popote penye bendera hiyo chakula hakina nyama, hakina hata kitunguu saumu. Kwa asiyekula nguruwe zile siku tisa ni neema.

Tuje kwenye kula, na kanuni yangu ni moja, nunua kidogo, kula umesimama, sogea. Ukishiba kituo cha kwanza umeharibu siku.

Anza na kahawa ya zamani, wanaiita kafe boran, unga wa kahawa unawekwa kwenye mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, maji ya moto yanamiminwa, inatoka nyeusi kabisa, wanachanganya na maziwa mazito ya kopo. Ya barafu bila maziwa inaitwa oliang. Alafu tafuta khanom krok, na hapa msemaji wa Kiswahili atajisikia nyumbani, kwasababu ni vitumbua. Kikaango cha mashimo kile kile, unga wa mchele, tui la nazi. Tofauti ni kwamba wao wanamimina mara mbili, kwanza uji mwepesi wenye chumvi kidogo unashika ukingo na kuwa mkavu kama kaki, alafu tui zito lenye sukari linamiminwa katikati, wanafunika, vinatoka ukingo unakatika krap na katikati bado ni uji. Mama anavichomoa na kijiko, anavifunika viwili viwili uso kwa uso kama chaza. Usivitie mdomoni hapo hapo, lile tui la katikati linaunguza kuliko chai, subiri wakati unatembea.

Kuna embe mbichi imekatwa vipande na kifuko cha chumvi, sukari na pilipili, hiyo sihitaji kukueleza. Embe mbivu na wali wa kunata wa tui ni ya msimu, Machi mpaka Mei ndo tamu yenyewe. Na chakula kinachotawala mtaa ni bata, wanamchemsha taratibu kwenye mchuzi mweusi wa soya, mdalasini na anisi, mwenye duka anamkata kwa panga zito juu ya gogo, tak tak tak, mifupa inaachana bila kusagika, anapanga juu ya wali au tambi za mchele. Bata wanaita ped. Sasa angalia hapa, pilipili kali wanaita phet, kwa sikio la mgeni ni neno moja, tofauti yote ni pumzi inayotoka kwenye p. Wazee wa Mombasa wanakijua hiki kitu vizuri, ndo wanavyotofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Weka kiganja mbele ya mdomo, ukisema phet upepo ukiguse, ukisema ped usiguse. Mi nliomba bata nikaletewa moto.

Maneno mengine ya kubeba: gai kuku, nuea ng'ombe, pla samaki, goong kamba, moo nguruwe. Mai phet, bila pilipili. Mai sai moo, usiweke nguruwe. Thao rai, bei gani. Ila nikwambie ukweli kama unakula halali, mai sai moo haitoshi kwenye mtaa wa Kichina, hata kama umeagiza bata au tambi kavu ule mchuzi, yale mafuta na lile gogo vimeshapitiwa na nguruwe, na vijiti vya kuchoma unavyoviona kila kona vikinukia kama mishkaki mara nyingi ni moo ping, nguruwe. Asubuhi kula vya nazi na matunda na samaki wa kuchoma, mlo mkubwa uusubirie mchana, nakuja hapo.

Ukiufuata mto kwenda kusini utapita benki ya Siam Commercial, tawi la mwanzoni mwa karne ya 20 alilolichora Mtaliano Annibale Rigotti, bado watu wanaweka hela humo, alafu kanisa la Rozari Takatifu ambalo wenyeji wanaliita Kalawar, kutoka Kalvario ya Wareno. Jengo la sasa ni la 1897 na lina vioo vya rangi, likiwa wazi ingia ukae dakika tano kwenye kivuli. Baada yake kuna jengo la River City, umuhimu wake kwako ni choo kisafi na kiyoyozi.

Vuka mfereji sasa. Huu mfereji ulichimbwa miaka ya 1850 mwanzoni, enzi za Rama IV, na yeye yeye ndo aliyetengeneza barabara ya Charoen Krung ambayo ndo utaifuata, ilikamilika 1864. Ingia Soi 30 na Soi 32. Huku michoro ni mikubwa, ukuta mzima, mingi ilizaliwa na tamasha la Bukruk la 2016, wasanii wa Thailand na wa Ulaya waliachiwa kuta. Ukimuona mtoto amevaa joho la sungura na ana macho matatu, huyo ni Mardi, wa msanii Alex Face, alianza kumchora baada ya kupata binti yake, na ukishamjua utaanza kumuona sehemu nyingi Bangkok, na kila mara amenuna. Jengo kubwa la posta la zamani liko hapo hapo, ndani siku hizi kuna kituo cha ubunifu, na hatua chache kuna Warehouse 30, maghala ya wakati wa vita ya pili ya dunia yamegeuzwa maduka na kafe. Hapo kwenye maghala mi sikai sana, bei zimepanda na mtaa hauonekani.

Mchana sasa, Soi 36, msikiti wa Haroon. Kutoka barabara kubwa unaingia kichochoro chembamba, kelele zinakatika, ghafla unasikia assalaamu alaykum, na vibanda vyote vinavyouzunguka msikiti ni halali. Ni jamii ya Waislamu ya siku nyingi sana, wengine asili yao ni India na visiwa vya Indonesia. Sali, nawa uso, kaa, agiza wali wa manjano na kuku, au supu ya ng'ombe yenye ndimu, na kula mpaka ushibe maana ulikuwa unaonja tu tangu asubuhi. Mwanamke beba mtandio kwenye begi.

Jambo moja la usalama, njia nzima unaweza kukutana na dereva wa bajaji yao ya tuk-tuk mwenye maneno matamu, anakwambia unakoenda leo pamefungwa, ila yeye atakuzungusha kwa baht ishirini tu. Hapajafungwa. Atakupeleka maduka ya vito na ya kushona suti akapate kamisheni yake. Sema hapana na uendelee kutembea, huhitaji kubishana.

Jioni rudi kaskazini. Panda boti gati la Si Phraya ushuke Ratchawong, tembea dakika chache uko Yaowarat, barabara kuu ya Chinatown, saa kumi na mbili jioni mabango ya neoni yanawaka na meza zinashushwa mpaka barabarani. Hapa kula kitu kimoja au viwili tu: chaza wa kukaangwa na mayai kwenye chuma kipana, hoi tod, omba awe mkavu, na kumalizia bua loi, vidonge vyeupe vya unga wa mchele vyenye ufuta mweusi ndani, vinaelea kwenye maji ya moto ya tangawizi yaliyokolea mpaka koo linashtuka. Foleni yenye wenyeji wengi ndo foleni yako.

Boti za bendera ya chungwa jioni zinaisha mapema, usizitegemee kurudi. Stesheni ya Wat Mangkon iko nyuma ya Yaowarat, treni zinaenda mpaka saa sita usiku, na ukishuka ngazi angalia juu, dari lina dragoni.